Uongo Niliokusomea, Mama Mudogo

Mama mudogo mpenzi,

Mwaka umepita tangu tulipokuzika kule kijijini kwa mume wako, na mimi sijakuandikia hata mstari mmoja. Unanijua: kusoma mwepesi, kuandika mvivu. Lakini leo shule imefungwa, watoto wangu wamekwenda ziwani kuoga, na mimi nimekaa peke yangu mlangoni pa nyumba yetu ya mtaa wa Kataki. Nimecheka peke yangu mpaka jirani yetu Mama Zaina akachungulia juu ya ua kuuliza kama niko mzima. Nikamwambia nimemkumbuka Sitwayeni Magurudumu. Naye akaanza kucheka, akarudi kwenye ndagala zake, wale dagaa anaowauza, bila kuuliza neno lingine.

Ngoja nikuhadithie tangu mwanzo, hata kama ulikuwapo. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Papa yangu, aliyekuwa akifanya kazi kwenye machimbo ya bati kule Manono, alikuwa amenituma kwako nisome kwa Masista. Wewe ulikuwa mdogo wake mama yangu, mshonaji wa nguo, hukuwa na mume wala mtoto, na mtaa mzima ulikwisha kukuzoea hivyo. Ulinipokea kituoni na mwavuli mkononi, ukanitazama tangu kichwani mpaka miguuni, ukasema nguo yangu imeshonwa vibaya. Jioni ile ile ukaifumua.

Kitabu chenyewe kilikuja kwa njia ya karanga. Ulinituma sokoni, na muuzaji akanifungia karanga kwenye karatasi iliyochanwa kitabuni, kama wauzaji wote walivyofanya. Njiani nikala moja moja, na zilipopungua nikaanza kuisoma karatasi. Ilikuwa Kifaransa. Mwanamke amesimama langoni pake, nyuma yake mizinga ya nyuki. Mwanaume anapita na gari la farasi, anamwambia mvua itanyesha. Mwanamke anajibu kwamba hata yeye anayaona mawingu. Mwanaume anavua kofia, anataka kusema jambo la pili. Karatasi ikaishia pale.

Sikuweza kuvumilia. Nilirudi mbio, nikamkuta muuzaji bado anachana. Nikampa madaftari yangu mawili ya mwaka uliopita, yeye akanipa kitabu kilichobaki. Jalada halikuwapo, kurasa za mwanzo zilikwisha kwenda na karanga za watu. Mpaka leo sijui kinaitwaje wala nani alikiandika. Sista wa darasa letu alikigeuzageuza akasema ni riwaya ya Waingereza, ya zama za yule malkia wao mzee, iliyotiwa Kifaransa, na kwamba inahusu maisha ya kijiji. Wewe ulinigombeza kwanza, maana nilifika nyumbani bila karanga. Halafu ukasema, "Basi soma. Nisikie kama ilistahili."

Ikawa ndiyo desturi yetu. Nikitoka shuleni na tukishakula bukari, ule ugali wetu, wewe unakaa kwenye mashini yako ya kushona, mimi kwenye mkeka karibu na mlango, nasoma Kifaransa kimoyomoyo na kutoa Kiswahili kwa sauti. Nilijifunza kukisikiliza kile kikanyagio cha mashini. Kikienda mbio, hadithi ilikuwa ya kawaida. Kikipunguza mwendo, ulikuwa umeshikwa. Kikisimama kabisa, nilijua kuna mtu kitabuni ambaye atasemwa.

Majina ya Waingereza hukuyataka. Yule mwanamke wa mizinga ukamwita Mama Nyuki. Yule mwanaume, mjane, fundi wa kutengeneza magurudumu ya magari ya farasi, ukamwita Sitwayeni Magurudumu, kwa sababu ulisema mtu mwenye adabu namna ile hawezi kuitwa jina tupu, bila lile "Sitwayeni", yaani mwananchi, tulilokuwa tukiitana zama zile. Alikuwa mtu wa maneno machache. Kila Jumapili alizunguka njia ndefu kwenda kanisani ili apite tu mbele ya lango la Mama Nyuki, na kila Jumapili alizungumza habari za mvua.

Theluji ilinitesa. Nilikwambia ni barafu inayoanguka kutoka mbinguni, nyeupe, inafunika mashamba. Ukasimamisha mashini.

"Na mihogo yao?"

Nikasema hawana mihogo, wana ngano.

"Masikini," ukasema, ukaendelea kushona.

Mama Zaina alianza kuja na kapu lake la ndagala, akisema amekuja kupumzisha miguu tu. Baada ya wiki moja alikuwa anakuja kabla yangu. Ninyi wawili mlibishana juu ya wale watu kana kwamba wanakaa ng'ambo ya mto Lukuga. Waimbaji wa kanisa la kile kijiji waligombana juu ya nani akae benchi la mbele, wakanuniana msimu mzima wa mavuno, na wewe ukasema Ulaya si mbali kama wanavyotudanganya. Jumamosi mkienda salongo, ile kazi ya lazima ya mtaa, mkifyeka majani kando ya barabara, mlikuwa mkiwaeleza wanawake wengine habari za Mama Nyuki. Mama mmoja akauliza anauza asali yake wapi.

Ndipo Papa Kalunga akaingia katika maisha yetu, na abacost yake, lile koti la kuvaliwa bila tai, iliyokatika vifungo.

Alikuwa mtu wa reli, kazi yake kupokea treni pale kituoni, mjane, mwenye nywele za mvi masikioni tu. Alikuja kushonewa vifungo, akakuta tuko katikati ya sura, akakaa kwenye kiti cha wateja akasikiliza. Nilipofunga kitabu aliuliza, kwa heshima, kama fundi yule hatimaye alisema lile alilotaka kusema. Wiki iliyofuata alileta suruali yenye mshono uliofumuka. Halafu shati. Halafu shati jingine. Mama Zaina aliniambia chini chini kwamba mtu yule anazichana nguo zake mwenyewe.

Nilimpenda, Mama mudogo, ujue hivyo. Nilimpenda mpaka ile siku Mama Zaina aliponieleza kwamba amekuposa. Aliniambia kwa furaha, akidhani nami nitafurahi. Papa Kalunga alikuwa karibu kupumzika kazi, akitaka kurudi kijijini kwao kando ya reli, kabla ya kufika Nyunzu, alime karanga na mihogo. Na alitaka aende na wewe.

Hukuniambia neno lolote. Nilingoja siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilikutazama ukishona, nikatazama kitanda changu nyuma ya pazia, nikajiuliza nitapelekwa wapi. Kwa Masista, kwenye lile bweni lenye vitanda kama mistari ya daftari? Manono, ambako hapakuwa na darasa langu? Nilikuwa nimekwisha kuacha nyumba moja. Sikutaka kuacha ya pili.

Siku ya nne nilifungua kitabu. Kilichoandikwa kilikuwa kwamba Sitwayeni Magurudumu amekwenda kumtengenezea mjane mzee gurudumu la kisimani bila kutaka kulipwa. Mimi nikasoma kwamba amekwenda kulewa.

Nilisoma kwa sauti thabiti, nakiri. Nikasema alikunywa lutuku, ile pombe yetu kali ya kienyeji, mpaka akaanguka matopeni. Nikasema watu wa kijiji wakakumbuka jinsi alivyokuwa akimpiga marehemu mke wake. Halafu, kwa kuwa nilikuwa nimeshika njia, nikakiharibu na kijiji chenyewe: matope mpaka magotini, nyumba zinavuja, wanawake wageni wanatukanwa kisimani, hakuna samaki, hakuna taa, hakuna mtu wa kushonewa nguo.

Mashini ilisimama.

"Lutuku?" ukauliza.

"Njo wameandika," nikasema.

Ukanitazama kidogo, ukarudisha mguu kwenye kikanyagio. Mama Zaina alihuzunika kweli. Alisema alikuwa akimwamini yule mtu.

Kwa wiki mbili niliendelea kumharibu Sitwayeni Magurudumu. Kila siku alizidi. Na ya harusi yako hayakusemwa tena. Papa Kalunga alikuja akaleta soksi, ukamshonea soksi, akaenda zake. Nilifurahi, na furaha ile ilikuwa na uchungu kama quinini.

Labda ndiyo maana homa ilinikamata. Ilikuwa homa ya kawaida ya masika, lakini ilinilaza siku tano. Ulinifunika kwa vitenge vyote vya nyumba, ukaninywesha uji, ukalala chini kando yangu. Siku ya nne mchana nilikuwa nyuma ya pazia, nimepata nafuu kidogo, nikasikia sauti ya Papa Kalunga mlangoni. Alikuwa ameleta mapapai kwa mgonjwa. Ukamkaribisha. Halafu nikasikia unamwambia achukue kitabu pale juu ya sanduku, kwa vile mtoto anaumwa na Mama Zaina amekuja kwa ajili ya hadithi, asome yeye.

Nilitaka kupiga kelele. Nikavuta kitenge mpaka machoni.

Papa Kalunga alisoma Kifaransa kama anavyotembea mtu kwenye mawe ya mto, anapima kila neno kabla ya kulikanyaga na kulitoa kwa Kiswahili. Alisoma jinsi Sitwayeni Magurudumu alivyoliona paa la Mama Nyuki limebomolewa na upepo, akaja alfajiri na ngazi, akalitengeneza, akaondoka kabla mwenye nyumba hajaamka.

"Huyu si ni ule mulevi?" akauliza Mama Zaina.

Papa Kalunga akasema hajaona mlevi. Wewe ukamwomba arudi nyuma, kurasa za wiki ile iliyopita, atafute pale fundi anapokunywa na pale anapompiga mkewe. Nikasikia karatasi zikigeuzwa, moja baada ya nyingine. Aligeuza zote. Akasoma ile ya gurudumu la kisimani. Mwisho akasema, taratibu, "Siioni, Mama. Labda Kifaransa changu njo kidogo."

Alikuwa amekwisha kuelewa. Nilijua kwa jinsi alivyosema. Na bado akajitwisha kosa yeye, mbele ya Mama Zaina, ili mimi nisiaibike. Nililia nimeficha uso kwenye mto wa kitanda, na hiyo haikuwa homa.

Walipoondoka ulikuja ukavuta pazia, ukakaa ukingoni mwa kitanda. Nilidhani utanipiga. Uliweka mkono kwenye paji langu kupima joto, ukauacha pale.

"Ulikuwa unasoma kitabu, ama ulikuwa unasoma roho yako?"

Niligeukia ukuta.

"Lutuku, Ulaya," ukasema. "Nilijua siku ile ile. Sikujua tu juu ya nini."

Nikakwambia juu ya nini. Nilikwambia yote, bweni, Manono, pazia. Ulinisikiliza bila kunikatiza. Hukunibembeleza wala hukuniahidi kitu. Ulisema kwamba wewe nimekudanganya nyumbani, basi tutayamaliza nyumbani, lakini mtu wa watu, Papa Kalunga, nimemchafua kwa kivuli cha yule fundi bila yeye kuwa na mdomo wa kujitetea. Nikipata nguvu nitakwenda kituoni mwenyewe, na nitamwambia mwenyewe.

Nilikwenda siku ya tatu. Treni ya mchana ilikuwa imechelewa, na Papa Kalunga alikuwa amekaa kwenye benchi na bendera yake imekunjwa magotini. Nilisimama mbele yake nikasema kila kitu kwa pumzi moja, nikitazama viatu vyake. Halafu akauliza kama yule fundi niliyemtengeneza alikunywa sana.

"Sana, Papa."

"Na mke wake, alimupiga?"

"Alimupiga, Papa."

Akafikiri. "Mimi sijakunywa hata siku moja," akasema. "Marehemu mke wangu njo alikuwa anaonja kidogo, siku ya sikukuu." Nilipoinua macho nikaona anajizuia kucheka. Aliniambia nirudi nyumbani jua lisinipige, na nikueleze kwamba atakuja Jumapili tuendelee. "Lakini sasa usome ile imeandikwa."

Nikasoma iliyoandikwa. Tulikimaliza kitabu kabla ya mwaka kuisha, sisi wanne. Unakumbuka mwisho wake? Sitwayeni Magurudumu alilisema hatimaye lile jambo la pili, na Mama Nyuki akamjibu kwamba hawezi kuiacha mizinga yake. Kwa hiyo yeye akaihamisha karakana yake yote, mbao na nyundo, akaijenga kando ya lango lake. Mama Zaina alipiga vigelegele. Wewe ulikata uzi kwa meno, ukasema, "Kumbe," na Papa Kalunga akatazama kofia yake.

Nilingoja muoane kesho yake. Hamkuoana. Mwezi ukapita, mwaka ukapita. Papa Kalunga hakupumzika kazi kama alivyokuwa amesema, aliendelea kupokea treni na kuleta nguo zake. Nilipokuuliza, ulisema hakuna haraka. Mimi nikajua moyoni kwamba ni mimi. Nilidhani uongo umewekwa mahali usipoweza kutolewa, kama doa la mafuta kwenye kitambaa cheupe; unafua, linafifia, halitoki. Nilisoma kwa bidii ya mtu anayelipa. Miaka miwili baadaye nikapata brevet, cheti cha kumaliza kwa Masista, nikakubaliwa shule ya walimu, na juma lile lile ukaniambia, huku unapima urefu wa sketi yangu mpya, kwamba utaolewa baada ya Pasaka.

Ulipopanda treni, mashini yako ilipanda behewa la mizigo, na wewe ukakataa kukaa na abiria. Ulikaa kando yake juu ya gunia, umeshika mwavuli. Nililia mpaka Mama Zaina akanishika kiunoni.

Likizo ya kwanza nikaja. Nilikukuta shambani, mwanamke wa ziwa, umefukia mbegu za karanga kwa kina kirefu hata hazikuota, na wanawake wa kijiji wanakucheka. Wewe ulikuwa umeanza kucheka kabla yao, kwa hiyo hapakuwa na ugomvi. Matope yalikuwapo, nilisema kweli kwa bahati. Paa lilivuja. Lakini chini ya kibaraza kulikuwa na wasichana watano wanajifunza kushona, na siku ile ya Jumapili kwaya iliingia kanisani na sare ulizozishona, na wamama wawili wakaanza kusukumana kimya kimya juu ya nani asimame mbele. Ulinikanyaga mguu.

"Mutoto," ukaninong'oneza, "tuko ndani ya kitabu."

Tulitolewa nje kwa kucheka. Mwalimu wa dini hakutusamehe mpaka Noeli.

Ulikaa kule miaka mingi, miaka mizuri. Mambo yako mengi wanayasimulia wao, na wanayasimulia vizuri kuliko mimi. Habari za kifo chako zilinifikia siku treni haipo, na iliyofuata ikachelewa kama kawaida yake, lakini watu wako walikataa kufunika kaburi mpaka nifike. Tulikuzika jioni. Siku za matanga nilikaa na wanawake, na siku ya mwisho, watu walipopungua, nikaenda kukaa karibu na Papa Kalunga. Amezeeka sana. Nywele zote sasa ni mvi. Nilimwambia kitu ambacho sikuwahi kukwambia wewe: kwamba naomba msamaha kwa ile miaka miwili. Kwamba mngekuwa na miaka miwili zaidi pamoja, kama si uongo wangu.

Alinitazama kama mtu asiyeelewa lugha.

"Miaka miwili gani?" akauliza. Nikamweleza. Akatikisa kichwa polepole, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nikamwona akitabasamu. Akasema uongo wangu haukuchelewesha chochote, ila uliwachekesha ninyi wawili mpaka uzeeni. Kila mlipompita mlevi njiani mlikuwa mkimwita fundi wangu. Akasema ulikwisha kumjibu siku ile ile aliyokuposa, kabla mimi sijaharibu hata ukurasa mmoja.

"Aliniambia, 'Niko na mutoto wa dada yangu. Masista wangali wanamufundisha. Akimaliza, nitakuja. Kama uko na haraka, tafuta mwingine.' Nikamwambia, 'Mama, mimi napokea treni. Kungoja njo kazi yangu.'"

Hivyo ndivyo alivyosema, Mama mudogo. Miaka yote ile nilijiona mwizi. Na wewe kwa nini hukuniambia? Nimejiuliza mwaka mzima. Siku nyingine nadhani ulitaka niogope kidogo, kwa ajili ya adabu. Siku nyingine nadhani ulijua ningesoma kwa haraka na vibaya kama ningejua mtu ananingoja. Leo, hapa mlangoni, nadhani tu kwamba hukuliona kuwa jambo la kusema. Ulikata kitambaa kwa kipimo cha mtu aliyekuwapo, na aliyekuwapo alikuwa mimi.

Sina huzuni ninapoandika. Papa Kalunga anakula vizuri, wale wasichana wako wanamshonea. Wanafunzi wangu ni wakorofi na wanasoma. Mama Zaina anakusalimu, anasema ndagala mwaka huu ni wadogo mno. Na mimi nataka ujue jambo moja tu. Siku ile kituoni, treni ilipoanza kwenda na wewe umekaa kando ya mashini yako, nililia kwa sababu nilidhani unaniacha. Nilikuwa na miaka kumi na sita na cheti mkononi, na sikujua kwamba ulikuwa umekwisha kunisubiri.

Asante, Mama mudogo. Pumzika huko kwenye udongo wa karanga, nami nitakuja Pasaka na Papa Kalunga atanipokea kama treni yoyote iliyochelewa.

Ni mimi,
mutoto wa dada yako, na wako